Kamera Kubwa ya Shiti Katika Joto la Bagamoyo: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kupakia Filamu Hadi Kuisafisha

Vitabu vingi vinavyofundisha kamera kubwa za filamu viliandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao maji ya bomba lao hutoka yakiwa tayari chini ya nyuzi 20 na ambao hawajapata kutia mikono katika mfuko wa giza mchana wa Februari huku jasho likiwashuka hadi viganjani. Mimi nilijifunza kwa vitabu hivyo hivyo, nikaharibu shiti nyingi kwa kuvifuata neno kwa neno, na baada ya kuzunguka na tripodi begani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu nimeona ni vyema kuandika kazi hii kama inavyofanyika hapa Bagamoyo, penye chumvi hewani, pepo zinazobadilika kwa msimu na jua linalopita utosini.

Kamera ninayoizungumzia haitumii mkanda. Hutumia vipande vya filamu, yaani shiti, vya inchi 4 kwa 5, kila kipande kikipigwa picha moja tu, na eneo la picha yake huzidi zaidi ya mara 13 lile la mkanda wa milimita 35. Ina fremu ya mbele inayobeba lenzi, fremu ya nyuma inayobeba kioo cha fokasi, na katikati mvukuto kama ule wa mhunzi. Hakuna betri wala kioo cha kugeuza taswira, kwa hiyo unachokiona kiooni kimepinduka, juu kikiwa chini na kulia kikiwa kushoto. Watu hudhani hilo ndilo gumu. Baada ya wiki mbili hulioni tena. Kinachoendelea kuharibu picha kwa miaka yote ni hatua moja kusahauliwa katika mfuatano, na kwa sababu hiyo nasisitiza mfuatano kuliko kifaa.

Vifaa vya kuanzia

Mtu anayeanza atosheke na lenzi moja ya milimita 150, ambayo kwa shiti ya inchi 4 kwa 5 huona takriban kama jicho linavyoona. Yangu ni Schneider Symmar-S ya f/5.6 (namba ya f ikikua, upenyo wa kupitishia mwanga hupungua) iliyofungwa kwenye shata, kile kilango kinachofunguka na kufunga mwanga, ya Copal namba 0, na jambo la maana zaidi kwake si ukali bali ukubwa wa duara la picha, ambalo kwa f/22 hufikia milimita 210, wakati shiti yenyewe huhitaji kama 153 tu. Tofauti hiyo ndiyo nafasi ya kuisogeza lenzi juu na kando bila pembe za picha kuingia giza. Lenzi yenye duara dogo, hata iwe ya bei gani, itakunyima sababu yenyewe ya kubeba kamera hii.

Mbali na lenzi, tafuta tripodi nzito, waya wa kufyatulia, kipima mwanga, kikuza cha kuchungulia kioo, pimamaji ndogo, na makasha ya shiti matano au sita, kila moja likibeba shiti mbili. Kitambaa cheusi cha kujifunika usinunue. Chukua shuka jeusi la pamba, ulishonee upande wa nje kitambaa cheupe kinachorudisha jua, kwa maana chini ya shuka jeusi tupu saa tano asubuhi utapika ubongo wako.

Kabla ya kutumia kamera iliyotumika, ingia nayo chumba chenye giza usiku, utie tochi inayowaka ndani ya mvukuto, kisha uchunguze mikunjo yote. Nukta yoyote ya mwanga ni tundu litakaloipaka filamu ukungu. Tundu dogo huzibwa kwa rangi nyeusi ya kitambaa au utepe mweusi mwembamba.

Filamu yenyewe huagizwa kutoka nje. Anayekuletea mkononi mwambie aombe ikaguliwe kwa macho uwanja wa ndege, kwani mashine mpya za ukaguzi za CT huipaka filamu ukungu hata kwa kupita mara moja. Mimi huweka aina mbili: FP4 Plus yenye ISO 125 (kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga) kwa milango na magofu, na HP5 Plus yenye ISO 400 kwa chochote kinachotikiswa na upepo au maji.

Kupakia shiti

Pakia usiku, baada ya kuoga, mwili ukiwa mkavu. Chumba kisichopenyeza mwanga ni bora kuliko mfuko wa giza, kwa sababu ndani ya mfuko mikono huanza kutoa jasho baada ya dakika tano tu, na alama ya kidole chenye unyevu kwenye upande wa dawa, yaani ule unaonasa mwanga, haifutiki. Kama huna ila mfuko, pakia makasha mawili, toa mikono, ikaushe, kisha urudi.

Futa makasha kwa brashi laini kabla ya kuzima taa. Gizani, shika shiti kwa kingo tu, ikiwa imesimama wima, na utafute kwa kidole mikato midogo iliyo kwenye pembe moja. Mikato ikiwa pembe ya juu kulia, upande wa dawa unakutazama wewe. Telezesha shiti chini ya vijiti vyote viwili vya pembeni, na uhakikishe kwa kucha kwamba haikupanda juu ya kijiti kimoja, kisha usukume kibamba, kile kifuniko bapa cha kasha, mpaka mwisho. Kibamba kina uso mweupe wenye vinundu unavyovihisi kwa kidole, na uso mweusi ulio laini. Mweupe nje maana yake shiti haijapigwa. Mweusi nje maana yake imepigwa. Usiubadilishe utaratibu huo hata kwa siku moja.

Mlango wa nakshi

Mfano wetu wa kwanza uwe mlango wa nakshi katika Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo. Kabla ya kufungua tripodi, piga hodi. Mlango ni wa mtu, na baraza iliyo mbele yake ndipo anapokaa na wageni wake. Anayesimika miguu mitatu ya chuma hapo bila salamu hastahili picha. Nakumbuka bibi mmoja niliyemwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza nitapiga picha ngapi, na nilipomjibu kwamba ni moja tu akastaajabu kwamba mzigo wote ule ni kwa picha moja. Nilimkaribisha chini ya kitambaa. Alitazama kimya, akatoka, akaniambia, “Mwanangu, umenipindulia nyumba.” Tangu hapo sikuwahi kukataliwa katika mtaa ule.

Simika kamera ikitazamana na mlango sawasawa, wala si kwa pembe, na utumie pimamaji mpaka fremu ya nyuma iwe wima kabisa. Lenzi ya milimita 150 ikiwa mita 4 kutoka ukutani hunasa kimo cha mita 3 na kidogo, ambacho kwa kawaida hutosha mlango mzima na kizingiti chake cha juu. Tatizo ni kwamba mlango umeinuliwa juu ya baraza, hivyo kitovu chake kiko kama sentimita 80 juu ya lenzi yako. Mwenye kamera ndogo huinua uso wa kamera juu, na papo hapo miimo miwili huanza kuegemeana kileleni. Wewe usiinue kamera. Legeza skrubu za fremu ya mbele na uipandishe lenzi peke yake, kwa umbali huu kama milimita 30, na utaona kizingiti kikipanda ndani ya kioo kutoka ukingo wa chini huku miimo ikibaki sambamba. Chungulia kioo kupitia pembe zake: ukiona upenyo wa lenzi ukiwa duara kamili, pembe ziko salama, ukiuona umekatika kama jicho la paka, umelivuka duara la picha. Kwa milimita 30 lenzi yangu hukaribia ukingo lakini haijatoka.

Kisha fuata mfuatano huu, nao usiukatize kwa mazungumzo:

1. Fungua shata na upenyo wote hadi f/5.6, ujifunike kitambaa, upange picha.
2. Weka kikuza kwenye kioo na uweke fokasi kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, ambao hutokeza mbele zaidi, kisha kwenye kina cha nakshi za mwimo. Soma kwenye reli ya kamera tofauti ya milimita kati ya sehemu hizo mbili, uirudishe fremu katikati yake, ukaze skrubu zote.
3. Pima mwanga, weka upenyo na kasi.
4. FUNGA SHATA. Itegue, uifyatue mara moja bila filamu, usikilize mlio wake, uitegue tena.
5. Ingiza kasha huku mkono mwingine ukiishika fremu ya nyuma isisogee.
6. Ikinge lenzi na jua kwa kofia, chomoa kibamba kilichokabili lenzi, subiri sekunde kadhaa mtikisiko utulie, fyatua kwa waya.
7. Rudisha kibamba uso mweusi ukiwa nje, ukifunge kwa kijipete chake, uandike daftarini.

Hatua ya nne nimeiandika kwa herufi kubwa kwa sababu ndiyo iliyoniadhibu kuliko zote. Ukichomoa kibamba shata ikiwa bado wazi, shiti imeungua na hutajua mpaka uisafishe. Nilipata kupiga shiti sita za harusi nikiwa nimeisahau hatua hiyo kwenye mbili, na moja kati ya hizo mbili ilikuwa ya bibi arusi na nyanya yake. Tangu siku hiyo huzitaja hatua kwa sauti, na wapita njia hunidhania nasoma dua.

Ile tofauti ya milimita uliyoisoma kwenye reli ndiyo inayokuambia upenyo. Ikiwa milimita 1, upenyo kati ya f/16 na f/22 unatosha; ikiwa milimita 3, nenda f/32; ikifika 5, utahitaji f/45, ambapo mwanga unaopinda kwenye kingo za upenyo huanza kulainisha picha. Usikimbilie f/45 kwa hofu. Milango mingi hutosheka na f/22.

Ukisogea karibu ili sehemu ya nakshi yenye kimo cha sentimita 30 ijaze shiti, mvukuto utarefuka hadi kama milimita 210, na mwanga unaofika kwenye filamu utapungua. Gawanya urefu wa mvukuto kwa urefu wa fokasi wa lenzi, jibu ulizidishe kwa lenyewe: 210 kwa 150 ni 1.4, na 1.4 mara 1.4 ni karibu 2. Maana yake muda uwe maradufu. Mimi hubeba futi ya fundi nguo kwa kazi hiyo.

Kupima mwanga

Hapa ndipo sikubaliani na mafunzo ya kawaida. Husemwa kwamba mchana wa adhuhuri hautufai, twende alfajiri na jioni. Kwa sura za watu ni kweli. Lakini ukuta unaotazama mashariki, kuelekea bahari, hupigwa na jua usoni asubuhi yote, na nakshi zake huonekana bapa kama zimechorwa. Ni karibu na adhuhuri, ambayo kwa saa zetu huangukia kati ya saa sita na saa sita na dakika arobaini, jua linapoupaka ukuta kwa kuuparaza kutoka juu, ndipo kila jani na kila mnyororo uliochongwa hupata kivuli chake. Mwanga huo hudumu dakika chache. Mlango ulio chini ya paa la baraza hauupati, nao upigwe kwa mwanga laini unaorudi kutoka barabarani, ambao hauna haraka.

Kipima mwanga hakijui kinachokitazama. Hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Kwa hiyo usipime mlango mzima pamoja na ukuta wa chokaa, kwani ukuta utakidanganya na mbao zitatoka nyeusi tii. Pima kivuli chenye kina ambacho bado unataka nakshi zake zionekane, kisha upunguze stopu mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu). Kwa mfano, kipima kikisoma sekunde 1 kwa f/22 ndani ya kivuli hicho, piga kwa robo ya sekunde. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa kanzu nyeupe, pima shavu lake upande wa mwanga na upunguze stopu moja. Kanzu itatunzwa wakati wa kusafisha. Mazoea ya kupima kanzu na kuacha sura izame gizani yameharibu picha nyingi za wazee wetu.

Ndani ya vyumba vya Ngome Kongwe au kwenye vibaraza vyenye giza muda utavuka sekunde moja, na hapo filamu huanza kuwa mvivu. Kwa FP4 Plus, sekunde 10 za kipima huwa 18 za kweli. Kwa HP5 Plus huwa 20. Muda ukiwa sekunde 1 au chini yake hakuna cha kuongeza. Katika Magofu ya Kaole, kilomita chache kusini mwa mji, lipia kiingilio na uombe ruhusa ya kusimika tripodi kabla hujaifungua, kwa kuwa makaburi yale ya matumbawe yako ardhini na mguu wa tripodi unaoteleza huweza kumega kilichosimama kwa karne nyingi.

Ngalawa kwenye maji kupwa

Pwani ni somo jingine. Nenda wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa, ngalawa zimelala mchangani na mawimbi ya mchanga yananyoosha mistari kutoka miguuni pako hadi upeo. Tunataka mchanga wa karibu na upeo wa mbali vyote viwe vikali, na upenyo pekee hauwezi. Dawa yake ni kuinamisha lenzi mbele, kanuni inayohusishwa na Mwaustria Theodor Scheimpflug aliyeisajili mwaka 1904 kwa ajili ya ramani za picha za angani.

Weka lenzi mita 1.5 juu ya mchanga. Kwa fremu inayoinamia kwenye kitako chake, weka fokasi kwenye upeo, ambao kiooni uko chini, kisha uiinamishe lenzi mbele polepole mpaka mchanga wa karibu, ulio juu ya kioo, ukolee. Fokasi ya upeo itakuwa imehama. Irekebishe, uinamishe tena kidogo, na kwa mizunguko mitatu utakuwa umefika. Kwa kimo hicho na lenzi ya milimita 150 jibu huwa kati ya digrii 5 na 6, nami nimelichora kwa penseli kwenye mbao ya kamera. Tahadhari moja: bapa la fokasi sasa limelala mchangani, hivyo kilele cha mlingoti ulio karibu kiko nje yake. Mlingoti ukiwa karibu, punguza mwinamo hadi digrii 2 au 3 na uzibe upenyo zaidi.

Kwa jua kali na HP5 Plus, f/32 huenda na kasi ya 1 kwa 125, ambayo huvumilia upepo wa wastani. Kusi likivuma sana mvukuto hugeuka tanga. Mwombe mtu asimame upande wa upepo ameshika kanga iliyokunjuliwa, au urudi kesho. Na uyatazame maji. Siku za bamvua hujaa kwa kasi, nawe uko chini ya kitambaa unatazama dunia iliyopinduka. Mimi niliyahisi yakiwa kwenye vifundo. Miguu ya tripodi ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi jioni hiyo hiyo.

Kusafisha

Natumia ID-11, dawa ya kuitoa picha kwenye filamu, sehemu moja ya dawa kwa sehemu moja ya maji. Kwa FP4 Plus muda ulioandikwa ni dakika 11 kwa nyuzi 20, lakini maji yangu hutoka bombani yakiwa na 28 au zaidi, na kuyashusha hadi 20 na kuyashikilia hapo ni kupigana na mji mzima. Ninalenga 24. Muda hupungua kwa takriban asilimia 10 kwa kila nyuzi moja inayopanda, kwa hiyo huwa kama dakika 7 na nusu. Usiruhusu ushuke chini ya dakika 5, maana filamu itasafika kwa mabaka.

Nunua barafu sokoni kwa wauza samaki, uiweke katika beseni kubwa la maji, na ndani ya beseni hilo usimamishe trei zako za dawa, kituo (kinachosimamisha kazi ya dawa), fiksa (inayoifanya picha isiharibiwe tena na mwanga) na maji ya kusuuzia. Barafu isiingie kamwe ndani ya dawa. Trei zote ziwe na joto moja, kwa sababu filamu ikitoka kwenye 24 na kutumbukia katika 30 ngozi yake huweza kukunjamana.

Gizani, loweka shiti moja moja katika maji safi kwa dakika 3 ili zisigandamane, kisha uzihamishe kwenye dawa na uwe unaichomoa ya chini na kuiweka juu, bila kukoma, mzunguko mmoja kila nusu dakika. Shiti nne kwa mara moja zinatosha. Wapo wanaofanya nane na kujisifu. Katika maji ya joto ngozi ya filamu huvimba na kuwa laini kama utando wa uji, na pembe ya shiti moja huikwaruza nyingine. Kata kucha. Zile za mwanga wa adhuhuri, na zile za kanzu, zisafishe kwa muda uliopunguzwa kwa asilimia 20 ili weupe usizibe.

Kituo ni nusu dakika, fiksa dakika 4 ikiwa mpya. Maji ya visima vya karibu na bahari huwa na chumvi, kwa hiyo suuza ya mwisho iwe kwa maji ya chupa yenye matone machache ya dawa ya filamu ya kuzuia madoa ya maji. Tundika shiti bafuni usiku, dirisha limefungwa, sakafu imemwagiwa maji ili vumbi litulie. Ziondoe mara zikikauka, kwa kuwa mende hupenda jelatini, nami nina negativu ya mnara wa Misheni ya Kanisa Katoliki yenye pembe iliyotafunwa.

Lenzi zisilale katika mkoba wa ngozi. Kuvu huanzia humo. Ziweke katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana pamoja na silika, chembe zinazofyonza unyevu, na silika uikaange kwenye kikaango kikavu kila inapobadilika rangi.

Shiti ya ukubwa huu haihitaji mashine ya kukuzia. Ilaze juu ya karatasi ya picha, upande wa dawa kwa upande wa dawa, uikandamize kwa kioo kizito, na uwashe taa ndogo kwa sekunde chache. Jaribu 5, 10 na 20 kwenye kipande kimoja kabla ya kutumia karatasi nzima. Nakala ya kwanza mpelekee mwenye mlango. Yule bibi aliitundika ya kwake sebuleni, na kila ninapopita na tripodi huwaambia wajukuu wake waniondolee viatu barazani ili nisimike kamera ninapotaka.